SAFARI MBILI ZA MAPOROMOKO YA SANJE

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu, baada ya chakula cha mchana.)



Nimeombwa niseme juu ya matembezi tuliyofanya mwaka jana, Jumamosi moja, watu wanne wa darasa moja, kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje. Nitasema. Lakini yale yalikuwa matembezi ya pili, nami siwezi kuyaeleza bila kuanza na yale ya kwanza, ya mwaka 1981, tulipokuwa kidato cha tatu.

Wakati ule Udzungwa haikuwa hifadhi ya taifa. Ilifanywa hifadhi mwaka 1992. Ukitoka kijijini Sanje ulipita migomba ukaingia msituni, bila askari wala tikiti. Tulipewa ruhusa ya kutwa kwa sharti moja: saa kumi na mbili jioni, majina yanapoitwa, tuwepo. Tulibeba mihogo ya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi. Miguuni tulivaa makubadhi ya matairi, kazi ya mwenzetu mmoja ambaye kwa ajili hiyo bweni zima lilimwita Fundi.

Kwa wale ambao hawajafika, maji yale huanguka kwa ngazi tatu, jumla yapata mita 170. Chini pana dimbwi la maji baridi hata meno yagongane. Ukiwa juu waliona bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa mpaka macho yachoke. Tena msituni yumo kima mwenye kelele za ajabu, ambaye watu wa Sanje walimjua tangu zamani ila wanasayansi wakamtambua mwaka 1979 tu. Duniani kote hapatikani ila katika milima ile. Sisi, miaka miwili baadaye, tulimjibu kwa miluzi tukaendelea kuoga.

Tulikawia sana majini. Wakati wa kushuka Fundi alikanyaga mzizi wenye maji, goti likageuka. Hakuweza tena kuweka mguu chini. Tulimbeba kwa zamu, lakini njia ni ya mteremko mkali na sisi tulikuwa watoto wembamba wa bweni. Jua likawa linakwenda. Ndipo mimi, kiranja wa bweni, nikatoa amri: mmoja abaki naye, wawili tukimbie kijijini kuita watu.

Tulifika kijijini. Watu walikuwa mbele ya nyumba zao, wengine wakichoma mahindi. Sikusimama. Nilijiambia kwamba nikianza kueleza nitachelewa, na nikichelewa ukiranja umekwisha. Viranja mliopo hapa mnanielewa. Tulipita mbio. Jina la Fundi lilipoitwa, nikajibu mimi, "Yupo." Kiranja haulizwi mara mbili. La yule aliyebaki naye, vilevile. Kisha nikaenda kula ugali.

Saa tatu usiku aliyekwenda kumwamsha mwalimu wa zamu hakuwa mimi, bali yule niliyekimbia naye. Wanaume wa kijijini walipanda na kandili na kitanda cha kamba, wakamshusha Fundi saa saba, mvua imemnyeshea. Alikuwa winga wetu wa kulia. Tangu siku ile hakucheza tena. Alipoulizwa na mwalimu, alisema yeye ndiye aliyetutuma twende zetu bila wasiwasi. Haikuwa kweli. Nilinyamaza, nikabaki kiranja mpaka nikamaliza shule.

Basi mwaka jana ni Fundi mwenyewe aliyetupigia simu. Tulilipa kiingilio Mang'ula, tukapewa askari wa kutuongoza, kijana mpole aliyetuita wazee kila baada ya hatua tatu. Fundi alitangulia na fimbo yake, akisema mwenye goti bovu ndiye apange mwendo. Kwa hakika sisi wenye magoti mazima ndio tuliohema.

Mahali fulani akasimama, akasema, "Hapa." Askari alidhani amechoka. Mimi nisingepatambua kamwe. Akatuonyesha upenyo kati ya miti, akasema usiku ule, kabla ya mvua, aliviona vibatari vya kijijini vikiwashwa kimoja kimoja, akawa anavihesabu, akidhani kila kimoja ndicho kinachopanda kumfuata. Alifika kumi na nne.

"Nilijua hamkumkuta mtu," akasema.

Nikamwambia tuliwakuta. Nikamwambia juu ya mahindi, na kwamba aliyekataa kusimama ni mimi.

Hakujibu. Tulikwenda mpaka majini bila yeye kusema neno, na njia ile si fupi. Alivua viatu akatia mguu dimbwini, akakaa hivyo muda mrefu, sisi watatu tukimenya machungwa ambayo hakuna aliyeyataka. Sijapata kuona maporomoko mazuri yakitazamwa vibaya namna ile.

Kupanda hakumsumbui, kushuka ndiko kunakomsumbua. Tulipoanza kurudi aliweka mkono begani mwangu, si begani mwa askari, akauacha hapo mpaka chini. Alikuwa mzito kuliko mwaka 1981. Tulipofika kijijini aliuliza ni nyumba zipi. Nyingi ni mpya sasa, za bati, lakini nilimwonyesha mahali zilipokuwa. Alipatazama, kisha akauliza kama pana mtu anayeuza mahindi ya kuchoma. Palikuwa na mama mmoja. Nililipa mimi.

Yupo hapa leo, safu ya pili, ile fimbo mnaiona. Amenipa ruhusa kuyasema haya kwa sharti nisizidishe dakika kumi, na naona tayari anatazama saa.