Cheche Peke Yake Haitoshi: Namna Tulivyotengeneza Jiko la Gesi la Boti Yetu

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu, fundi wa boti, katika mkutano wa wanachama hapa Kalemie. Tumeyaandika karibu sawa vile alivyoyasema, ili marafiki wanaotusaidia kutoka mbali nao wajue pesa yao ilifanya kazi gani.)



Mwenyekiti ameniomba nieleze mambo mawili. La kwanza, juu ya nini tulitengeneza jiko la zamani na hatukununua mpya. La pili, juu ya nini kazi ilikawia namna ile. Nitajibu yote mawili. Lakini nitaanza na ile siku ya moto, juu kuko neno moja ambalo sijalisema mbele yenu wote.

Boti yetu munaijua. Ni ya mbao, inapeleka watu na mizigo Moba, inarudi na mahindi, mihogo na ndagala. Ni safari ya kula njiani. Mwanzoni mama wa jiko alikuwa anapikia kwenye mbabula ya makala, na kila mara upepo ulipopiga, cheche ziliruka juu ya mbao na juu ya fûti za mafuta. Tukasema: hapana, tutafute gesi. Wengi kati yetu waliishi Tanzania, wanajua mtungi wa gesi. Wengine waliuona Nyarugusu, wakati UNHCR ilipojaribu kuwapa watu gesi ili miti isiishe. Basi tukapata jiko la boti ya zamani iliyovunjwa Kigoma. Jiko nzuri, chuma nzito, moto mbili, na vyuma vya pembeni vya kushika sufuria isitoke wakati boti inalala. Tena limening'inia kwenye misumari mbili, ili boti ikiinama, jiko linabaki sawa.

Moto mmoja wa lile jiko ulikuwa na chombo cha kujifunga wenyewe. Ule mwingine haukuwa nacho. Na kile chombo kimoja kilikuwa kimechoka: unawasha, unaachilia kifungo, moto unazimika. Mama wa jiko alilalamika. Abiria walilia njaa. Sasa sikilizeni: ni mimi nilichukua waya nikafunga kile kifungo kibaki kimebonyezwa. Moto ukabaki. Wote wakasema fundi ni fundi.

Siku chache kiisha, tukiwa tunarudi kutoka Moba, upepo wa kusini ukaingia chini ya turubai. Moto ukazimika chini ya sufuria na hakuna aliyeona. Mama alikuwa anagawa maji kwa abiria. Aliporudi akakuta sufuria imepoa, akafikiri gesi imeisha, akapiga kibiriti aangalie. Moto haukuanzia kwenye jiko, ulipanda kutoka chini, miguuni pake. Aliungua miguu na mikono yote miwili. Mungu ni mkubwa, yuko hai, na leo amekaa pale mbele. Lakini wiki nyingi hakuweza kushika hata kijiko. Nilimwomba msamaha nyumbani kwake. Leo namwomba mbele yenu.

Juu ya nini moto ulitoka chini? Hapa ndipo mambo yote iko. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Moja ya aina zake, propani, inapita hewa mara moja na nusu hivi. Nyingine, butani, inaipita karibu mara mbili. Nyumbani, mlango ukiwa wazi, gesi iliyotoka inateremka chini na inatoka nje. Boti haina mlango wa chini. Boti ni sawa bakuli. Maji hayaingii, basi na gesi haitoki. Inashuka tumboni mwa boti, inalala pale chini ya mbao, inangoja.

Na haihitaji kuwa mingi. Moto mdogo wa jiko unakula karibu gramu 100 za gesi kwa saa moja. Zile gramu 100 zikitoka bila kuwaka, ni karibu lita 50 za gesi. Na hewa inaanza kuwa ya kulipuka gesi ikifika kama sehemu 2 kwa mia. Pigeni hesabu: lita 50 zinatosha kuharibu lita 2,500 za hewa. Hiyo ni kama fûti kumi na mbili za mafuta zikiwa tupu. Saa moja, moto mmoja mdogo uliozimika.

Ndiyo, gesi inatiwa harufu mbaya ili tuijue. Lakini harufu inakaa chini pamoja na gesi, na pua yetu iko juu. Kwenye boti yetu kuna harufu ya mafuta, ya ndagala, ya injini. Mama hakunusa kitu.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Kiisha ile ajali, vijana walisema tununue jiko la sokoni, lile la kioo linalong'aa, unazungusha tu, tak, moto unawaka. Niliwauliza: upepo ukiuzima ule moto, ni nini kitafunga gesi? Tukaangalia moja pale dukani. Ilikuwa na cheche, haikuwa na chombo cha kufunga. Cheche inasaidia kuwasha. Haijui kama moto bado unawaka ao umekufa. Na jiko la nyumba halina vyuma vya kushika sufuria. Mtaweka bugali ya moto juu ya kioo, katikati ya mawimbi? Jiko mpya la boti, lenye vyombo vyote, liko, lakini bei yake inapita nguvu yetu. Ndiyo sababu tulitengeneza la zamani.

Tulifanya kazi kwa mpango, na mpango huu ndio naomba mukumbuke. Kitu ambacho watu wanakipenda zaidi tulikiweka mwisho.

Kwanza, mtungi. Ulikuwa ndani, karibu na jiko. Tumeutoa. Sasa unasimama wima ndani ya sanduku nyuma ya boti, na chini ya sanduku tuliacha tundu linalotoka nje juu ya maji. Mtungi ukivuja, gesi inashuka ziwani. Mtungi usilazwe hata siku moja, juu ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye tiyo.

Pili, detanderi na tiyo. Detanderi ni kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gesi. Cha zamani tulikitupa. Tiyo ya zamani ilikuwa ya maji, ya kumwagilia bustani! Gesi inaikula ile mpira pole pole. Tukaweka bomba ya shaba iliyofungwa imara kwenye mbao, na kipande kifupi cha tiyo ya gesi karibu na jiko, juu jiko linacheza. Tiyo ya gesi inaandikwa mwaka juu yake. Mwaka ukipita, tunabadilisha, hata kama kwa macho iko nzuri.

Tatu, robine zenye kujifunga. Hii ndiyo ilitukawisha, tulizingoja kutoka Kigoma. Ndani yake kuko sumaku, na kuko kijiti kidogo cha shaba ambacho ncha yake inakaa ndani ya moto. Mafundi wanakiita termokupli. Ncha ikipata moto, inazaa umeme mdogo sana, milivolti 20 ao 30. Betri ya simu yako inaipita zaidi ya mara mia. Lakini inatosha kushikilia sumaku, na sumaku inashikilia mlango wa gesi. Moto ukizimika, ncha inapoa, umeme unaisha, sumaku inaachia, springi inafunga mlango. Haina betri, haiombi mtu awe macho. Ndiyo sababu unabonyeza kifungo na kungoja kama sekunde 10 ukiwasha: unangoja ncha ipate moto. Ukichoka kungoja, usitafute waya. Mimi nilitafuta waya.

Robine zikakubali kuingia, lakini matundu madogo ya gesi hatukuyagusa, juu yanapatana na nguvu ya detanderi. Mtu akipanua tundu ili moto uwe mkubwa, anaharibu hesabu yote, na moto unakuwa wa manjano na moshi wenye sumu.

Kiisha tukapima. Sabuni na maji kwenye kila kiungo: pakitoka povu, panavuja. Hatukutumia kibiriti kutafuta mahali panapovuja, na mtu asifanye hivyo kamwe. Tena tukaweka saa ndogo ya nguvu ya gesi karibu na mtungi. Unafungua mtungi, unafunga tena, robine zote zimefungwa, unangoja dakika 10. Mshale ukishuka, kuna mahali gesi inatoka. Nahodha anafanya hivyo mbele ya kila safari.

Nne, mwisho kabisa, ndiyo cheche. Tumeweka kile kifungo cha piezo. Ndani kuko jiwe dogo na nyundo ndogo. Nyundo ikigonga jiwe, umeme wa maelfu ya volti unaruka kwenye ncha karibu na moto. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliona nguvu ya mawe ya namna hii mwaka 1880. Ni salama kuushika, juu ni mdogo na wa mara moja. Na uko na faida ya kweli: zamani mama alifungua gesi, kiisha akatafuta kibiriti, kiisha kibiriti kililowa. Wakati wote ule gesi ilikuwa inashuka. Sasa cheche inakuja palepale. Lakini ukigonga mara tatu na moto haukuja, funga, fungua turubai, toa maji na hewa ya chini kwa pampu ya mkono, ngoja. Usiendelee kugonga tak, tak, tak. Kama gesi imelala chini, ile cheche yako ndiyo kibiriti.

Wafadhili wetu waliuliza kama sasa hakuna hatari. Hapana, hatari iko. Termokupli inaweza kuchukua karibu dakika moja kufunga, na katika ile dakika gesi inatoka. Haioni tiyo iliyopasuka. Ndiyo maana kila usiku, mtu akimaliza kupika, anafunga pale kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Hesabu ya pesa iko kwa mweka hazina, na karatasi za kununulia zote ziko, hata ya sabuni.

Naomba mkutano huu ukubali sheria moja, iandikwe na ipigwe msumari juu ya jiko: mtu atakayefunga ao kuziba kifungo cha robine, kwa waya, kwa kijiti, kwa kitu chochote, hapandi tena katika boti hii. Hata kama ni fundi. Na hasa kama ni fundi.

Wengi wetu tulirudi nchini kwa maji, kutoka Kigoma ao kutoka Mpulungu, na watoto na mizigo yetu. Hatukurudi tuje tuungue ndani ya boti yetu wenyewe.

Jana nilimwita mama wa jiko. Alisema hatashika lile jiko mpaka aone kwa macho yake. Tukawasha, tukaweka sufuria, kiisha akachukua kikombe cha maji akamwaga juu ya moto mwenyewe. Moto ukafa. Tukanyamaza wote, yeye akahesabu kwa sauti. Alipofika 23, ndani ya robine ikalia: tak. Akaniangalia, akasema, «Rudia.» Tulirudia mara nne.

Boti iko kwenye mchanga. Atakayetaka kuhesabu mwenyewe, tushuke pamoja sasa hivi.