Baada ya Gego la Mwisho Kung'olewa

Anayeng'olewa gego la mwisho huambiwa mambo mawili yanayogongana: funga mdomo upone, na kula upate nguvu. La pili ndilo sahihi, mradi tujue kinacholindwa. Damu inayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha mfupa na mishipa ya fahamu. Ikitoka mapema, maumivu makali huanza, mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Adui mkubwa hapa si kula, bali ni mvuto na purukushani ndani ya kinywa: mrija wa soda, sigara, kutema mate kwa nguvu. Ndiyo maana uji vuguvugu wa kijiko ni salama kuliko juisi inayovutwa kwa mrija.

Wapo watakaosema uji haumrudishii mgonjwa nguvu. Kweli, ukiwa wa maji na sukari tu. Lakini kidonda huhitaji protini ili kijijenge, na protini si lazima itafunwe: upo mtindi, yapo mayai laini, maharage yaliyopondwa, samaki asiye na miiba katika mchuzi usio na pilipili. Wengine hukimbilia kusukutua kwa maji ya chumvi saa ileile. Chumvi inafaa, ila ingoje saa 24, na hata hapo maji yazungushwe taratibu. Karanga na bisi zisubiri zaidi, maana vipande vyake hujificha shimoni. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, usihangaike kubadilisha chakula. Rudi kwa daktari wa meno.