Kuikinga Nyumba na Radi: Maneno kwa Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mvua za masika zikaribiapo, mwenye nyumba wa Likoni, Kisauni au Changamwe hulitazama paa lake, makuti yaliyooza akayabadili na mabati yaliyotoboka akayaziba. Hiyo ni kazi njema. Lakini ni wachache wanaojiuliza: radi ikishuka juu ya paa hilo, itapita wapi?

Ni kweli kwamba pwani hii haina radi nyingi kama nchi zilizolizunguka Ziwa Viktoria, wala haifanani na Kifuka, katika Kongo ya mashariki, ambako wataalamu wamehesabu miali zaidi ya 150 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Lakini radi moja yatosha. Mwezi wa Juni 2011, huko Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi ya Runyanya. Walikuwa ndani ya darasa, si uwanjani.

Radi ni umeme wa mawinguni utafutao njia ya kufika ardhini, na joto lake hufika sentigredi 30,000. Ikiupiga mnazi, maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa ghafula, na gogo likapasuka. Kwa hiyo mnazi mrefu ulioko karibu na ukuta si mlinzi, maana radi yaweza kuuacha mti ikairukia nyumba. Kufunika vioo na kuficha nguo nyekundu, kama wafanyavyo wengi, hakuongezi hatari wala hakuipunguzi. Tangu siku za Benjamin Franklin wa Marekani, katika karne ya 18, dawa imekuwa ni ile ile: radi haizuiwi, hupewa njia.

Nyumba ya udongo yenye paa la mabati huipokea radi vizuri, lakini haina mahali pa kuipeleka. Ndipo humrukia mtu aliyeegemea ukuta. Yafaa fundi ayafunge mabati kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 8, katika pembe mbili zinazokabiliana, uteremke nje ya ukuta, mbali na mlango, bila kukunjwa sana, hadi ardhini. Paa la makuti lina shida zaidi kwa kuwa hushika moto. Waya usilazwe juu ya makuti yenyewe. Husimamishwa nguzo mbili ndefu kando ya nyumba, na waya ukapitishwa juu ya paa pasipo kuligusa.

Kazi nyingi huharibikia chini. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni ni mawe ya matumbawe na mchanga, na vitu hivyo vikiwa vikavu havipitishi umeme vyema. Kipande cha chuma kilichopigwa nyundo kikaingia futi moja ni pambo tu. Hapana budi kuchimba mfereji na kuzika waya mrefu penye unyevu, kisha fundi wa stima apime kwa chombo chake, na auunganishe na waya wa ardhi wa stima ya nyumba. Wengine huogopa kwamba shaba itaibwa, na hofu hiyo si ya bure. Chuma kilichopakwa zinki hufaa pia, ila chumvi ya bahari hukila upesi, hivyo kikaguliwe kila mwaka.

Asiyemudu gharama hizo bado ana la kufanya. Ahesabu tangu mwali uonekanapo hadi ngurumo isikike: kila sekunde 3 ni kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, mvuvi arudi pwani, na watoto watoke chini ya mwembe. Mahali pema ni nyumba ya mawe yenye stima na mabomba, au gari lenye bodi ya chuma lililofungwa madirisha. Bodaboda na tuktuk si kinga. Televisheni na friji zichomolewe kabla dhoruba haijafika, watu wasioge wala wasishike mifereji ya maji, na wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Liko jambo linalowaua watu ambao radi yenyewe haikuwaua. Mtu akipigwa, majirani husimama mbali, wakidhani umeme ungali mwilini mwake, au kwamba amerogwa. Mwili haubaki na umeme hata kidogo, na anayemgusa hadhuriki. Wakianguka wengi, aanzwe yule asiyepumua, kwa maana mwenye kulia yu hai. Alazwe chali, abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na ajuaye kumpulizia pumzi ampulizie, huku mwingine akitafuta gari. Kutoka Likoni hadi hospitali kubwa ya kisiwani kuna feri ya kungojea, na moyo uliosimama hauwezi kuingoja.