Bahasha na Maungamo: Jumuiya za Nyumbani katika Makanisa ya Dodoma



Kabla ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kuanza hapa Dodoma mwaka 2007, majengo haya yalikuwa shule: kwanza Alliance, baadaye Mazengo. Katikati ya miaka ya 1940 alikuja kufundisha hapa kijana kutoka Kigezi, Uganda, Festo Kivengere. Uaskofu wake ulikuwa bado mbali, mwaka 1972. Dodoma ilimjua kama mwalimu tu, tena mlokole, na alikaa nasi zaidi ya miaka kumi.

Uamsho wa walokole aliokuja nao ulikuwa umewaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na ulitembea kwa vikundi. Ndugu wachache walikutana nyumbani, wakasoma Neno, wakaungama dhambi kwa majina yake. Mmisionari naye aliketi humo akaungama kiburi chake mbele ya Waafrika, na hiyo ni enzi ya ukoloni! Walokole walikuwa na makali yao, sikatai: asiyeungama kama wao walimhesabu hajaokoka, na makasisi kadhaa walionja ukali huo. Lakini kanisa lililoanza kupoa lilipata watu wanaoambiana ukweli.

Leo Waanglikana na Walutheri wana jumuiya za nyumba kwa nyumba, na Wakatoliki wamezipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Lawama ninayoisikia ni kwamba zimekuwa mifereji ya michango: bahasha, ahadi, ujenzi. Ni kweli, ila hapo ndipo ninapotofautiana na walalamikaji. Mwaka 1742, huko Bristol, wafuasi wa mhubiri John Wesley walikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kila mkusanyaji apewe watu kama kumi na wawili. Wakusanyaji walipopita majumbani wakakuta ulevi na ugomvi ambao kutoka mimbarani haukuonekana. Wesley akaelewa amepata nini, na mpango wa deni ukawa mhimili wa malezi ya Wamethodisti.

Kwa hiyo bahasha haina kosa. Kosa ni kuipokea mlangoni na kuondoka.

Kuingia ndani kuna ugumu wake, kijijini na mjini. Vijijini Ugogo, kifuku kikianza watu huhamia mashambani na jumuiya hupungua. Hata hivyo, mtama usipoiva, majirani wa jumuiya ndio wanaojua mapema ghala la nani ni tupu. Mjini ni kazi nyingine. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, Kisasa, Ipagala na Nzuguni zimejaa wageni, na mpangaji anaweza kuhama kabla jina lake halijafahamika. Nasi tunamchagua kiongozi wa jumuiya kwa ukubwa wa sebule yake!

Napendekeza taarifa ya jumuiya inayokwenda parokiani au usharikani iwe na safu ya pili kando ya fedha: nani alitembelewa, na nani hajaonekana. Uongozi ubaki kwa walei. Sisi wa vyuo vya theolojia tuna sehemu yetu: tunamfundisha mchungaji kuhubiri, lakini kuketi kimya katika kikao kinachoongozwa na fundi cherehani, na kuungama kama wengine zamu yake ikifika, bado hatujamfundisha.