Uso si sufuria

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuyasikia.

 

Siku chache zilizopita nilikuwa Kaole, kilomita kama tano kusini ya mji wa Bagamoyo, pale penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Katika eneo lile kuna kisima. Wenyeji husema hakikauki, na maji yake ni matamu ingawa bahari haiko mbali, nyuma ya mikoko. Wageni wengi wakifika huchota maji, hunawa uso na kuomba baraka. Nami nilinawa. Habari za baraka namwachia Mwenyezi Mungu, lakini uso ulipoa, maana jua la mchana la Kaole anayelijua ni aliyetembea juani.

Nilipotoka hapo nilipita kijijini kumwamkia bibi mmoja ninayefahamiana naye tangu zamani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako."

Tukiwa katika mazungumzo, mjukuu wake akapita uani na ndoo ya maji, amejitanda khanga hadi karibu na macho. Mimi nikadhani ni haya za mwari, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba harusi yake iko karibu. Bibi akatikisa kichwa. "Si haya, mwanangu. Uso umeungua. Harusi tumeisogeza mbele."

Kisa chenyewe ni hiki. Binti alikuwa na chunusi, kama wasichana wengi wa umri wake. Akaona kuwa dawa yake ni kunawa sana. Akawa ananawa mara nne, mara tano kwa siku, kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, na kusugua kwa dodoki. Chunusi hazikupungua, zikazidi, na kila iliyopona iliacha doa jeusi. Jirani akamwambia apake ndimu. Akapaka, kisha akaenda kuanika mwani juani. Madoa yakawa makubwa zaidi. Mwisho akatokea mchuuzi na kipande cha sabuni na kikopo cha krimu visivyo na jina la kiwanda, akaahidi kwamba madoa yatakwisha kwa siku saba. Juma la kwanza uso uling'aa, ndugu wakasifu. Juma la pili ulianza kuwasha. La tatu ukababuka.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bibi akaniuliza, "Sasa wewe uliyesoma, niambie. Huyu mtoto anawe na nini?"

Mpenzi msikilizaji, mimi si daktari. Mimi ni mwandishi wa habari tu, na niliyonayo ni niliyoyauliza kwa wenye ujuzi na kuyasoma. Lakini swali la bibi ni la haki, na nadhani majumba mengi yana swali hilo hilo. Tunasema sana juu ya mkorogo, tunawalaumu dada zetu kwamba wanaukana weusi wao. Hatusemi kwamba wengi wao hawakuanza kwa kutaka weupe. Walianza kwa kutaka kuondoa chunusi. Sabuni isiyofaa ilileta madoa, na madoa ndiyo yaliyoufungulia mkorogo mlango.

Tuanze basi na ngozi yenyewe. Ngozi ya uso hutoa mafuta yake kupitia vitundu vidogo sana. Mafuta hayo yakichanganyika na jasho hufanya utando mwembamba unaoilinda ngozi isikauke na isishambuliwe ovyo na vijidudu. Utando huo una asidi kidogo. Katika kipimo cha wataalamu kiitwacho pH, ambacho katikati yake ni 7, ngozi yenye afya iko karibu na 5. Sabuni ya kipande, inayopikwa kwa mafuta na kostiki soda, huwa kati ya 9 na 10. Ndiyo maana baada ya kunawa kwa sabuni kali uso hukaza kama ngoma iliyowambwa. Wengi wetu hufurahia hali hiyo na kusema, "sasa nimetakata." Kumbe ni ngozi inayolalamika.

Pwani yetu ina shida moja zaidi. Visima vyetu vingi vina maji magumu au ya chumvichumvi. Sabuni ya kipande katika maji hayo haitoi povu. Hutoa ukoko mweupe, ule unaouona ukingoni mwa beseni. Ukoko huo hubaki usoni pia. Mtu akiona hapati povu huongeza sabuni, na ukoko nao huongezeka. Mwenye maji ya namna hii na atenge kidumu cha maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya suuza ya mwisho. Lita moja inatosha uso.

Sasa, kabla hujanunua chochote, ijue ngozi yako. Kipimo chake hakina gharama. Nawa uso kwa sabuni laini, jifute, usipake kitu, kisha ngoja saa nzima ukiwa kivulini. Halafu jitazame kwenye kioo na ujipanguse kwa karatasi laini.

Karatasi ikitoka na mafuta paji la uso, puani na mashavuni, ngozi yako ni ya mafuta. Uso ukipauka na kukaza, hasa mashavuni na pembeni mwa midomo, ngozi yako ni kavu. Ikiwa paji, pua na kidevu vinang'aa lakini mashavu yamepauka, ngozi yako ni ya mchanganyiko, na watu wengi wako hapa. Ikiwa uso unawasha au kuchoma kila unapobadili sabuni, ngozi yako ni nyepesi kudhurika. Na ikiwa huoni lolote kati ya hayo, shukuru Mungu, usiichokoze.

Mwenye ngozi ya mafuta anafaa kutumia sabuni ya maji ya kunawia uso, inayotoa povu la kiasi. Kama ana chunusi, atafute iliyotiwa asidi ya salisiliki, ambayo huzibua vitundu vilivyoziba. Aianze mara moja kwa siku, aone ngozi inaipokeaje. Asitafute kuyamaliza mafuta yote. Mafuta ya nazi, ambayo sisi watu wa pwani tumelelewa nayo, ni mazuri mwilini na kwenye nywele, lakini kwenye uso wenye chunusi huziba vitundu. Ayapake miguuni.

Mwenye ngozi kavu aache kabisa sabuni za kipande zenye manukato makali na zile zinazojisifu kuua vijidudu. Zinazomfaa ni za mfano wa maziwa au krimu, zisizotoa povu jingi, zenye gliserini. Asubuhi anaweza kunawa kwa maji matupu. Akishajikausha, apake mafuta au losheni uso ukiwa na unyevu bado, ili maji yasiponyoke.

Mwenye ngozi ya mchanganyiko achague sabuni laini ya maji, aanzie na kumalizia kwenye paji na pua, mashavu ayaguse tu. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika achague kitu chenye viungo vichache na kisicho na harufu. Kwanza akijaribu nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku mbili tatu, ndipo akipeleke usoni.

Nitaulizwa, vipi mambo yetu ya asili? Liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi hupoza na kunukia, nayo singo ni heshima ya bibi harusi. Sina ugomvi navyo, mradi visisuguliwe kwa nguvu juu ya chunusi. Sabuni ya mwani wanayotengeneza akina mama wa pwani hii na Unguja ni kazi ya kujivunia. Ila nayo ni sabuni, kwa hiyo mwenye ngozi kavu aitumie kwa kiasi. Ndimu, hapana. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza, na alama yake nyeusi hukaa majuma mengi, pengine miezi. Binti wa Kaole ni shahidi.

Namna ya kunawa nayo ina kanuni zake. Osha mikono kwanza. Lowesha uso. Toa povu kiganjani, kisha pitisha kwa ncha za vidole kwa muda wa nusu dakika hivi. Suuza vizuri, hasa kwenye mpaka wa nywele na taya. Jikaushe kwa kubonyeza kitambaa laini kilicho safi na kilicho chako mwenyewe, si taulo la nyumba nzima. Asubuhi na usiku inatosha, na mara moja zaidi ukitoka kwenye jasho, shambani au baharini. Dodoki na jiwe viache kwenye visigino. Uso si sufuria, hauna masizi ya kukwangua.

Na sasa nirudi kwa mchuuzi. Sabuni ya ahadi za siku saba inaweza kuwa na zebaki. Madini hayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hayaishii kwenye ngozi. Huingia mwilini na kuharibu figo. Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Na mjue kwamba wakati sheria za Ulaya zilikwisha kataza zebaki katika sabuni za watu wao, viwanda vya huko viliendelea kuzitengeneza kwa ajili ya Afrika, mpaka Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku kuzisafirisha mwaka 2003. Sumu wasiyoitaka kwao ilikuwa bidhaa kwetu.

Mwaka huo huo wa 2003 Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni haviruhusiwi madukani. Lakini sheria haikai kwenye kikapu cha kila mchuuzi, kwa hiyo jicho la mnunuzi ndilo askari wa kwanza. Usinunue kitu kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiona katika orodha maneno "mercury", "mercuric" au "calomel", hiyo ni zebaki. Ukiona maelezo yanakuonya usikigusishe na dhahabu au fedha, kirudishe. Kitu kinachoharibu pete yako kitaufanya nini uso wako?

Na krimu nyingi za vikopo huwa na dawa kali za hospitali zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Mtu aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla ngozi inaweza kulipuka, kwa hiyo aende kwa daktari amwelekeze. Vivyo hivyo chunusi kubwa zenye maumivu, au zinazoacha makovu, si kazi ya sabuni tena. Nenda hospitali.

Nilimjibu bibi hivi: kwanza mtoto aende hospitali ya Bagamoyo, na ile sabuni na kikopo aende navyo ili daktari avione. Wakati wa kungoja, asinawe kwa chochote ila maji safi ya baridi, akae kivulini, na mwani waanike wengine. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilidhani dawa ni kumpa fedha akanunue nyingine iliyo nzuri zaidi."

Nimepata habari kwamba walikwenda. Daktari amesema ngozi itarudi, lakini itachukua miezi, na madoa yatafifia polepole. Harusi itangoja. Afadhali ngozi iliyochelewa kupona kuliko figo zisizopona.

Mzazi unayenisikiliza, binti yako au kijana wako akianza kutoka chunusi, usimcheke na usimwambie kuwa ni mchafu. Mpe sabuni laini, mpe maji safi na mpe muda. Ukimwacha peke yake na kioo, mchuuzi atamwona kabla yako.

Nakutakia juma jema. Mungu akipenda, tukutane tena wakati kama huu.