Mji wa Iringa na Habari Zake

Fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza habari za mji wa Iringa, makao makuu ya mkoa wetu. Wengi wetu wa Mgololo tunakwenda Iringa kwa shughuli zetu, tukazimaliza, tukarudi bila kujua tumepita mahali gani.

Tuanze na jina. Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini. Hapo alikaa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, watu wake walikivizia kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, wakakishinda kwa mikuki. Mkuu wa kikosi, Emil von Zelewski, aliuawa. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Kisha wakajenga kituo chao kilimani, na hicho ndicho kilichokua kikawa mji wa leo.

Mkwawa hakukubali kushikwa. Alipigana porini karibu miaka 4. Tarehe 19 Julai 1898, adui walipomkaribia, alijiua kwa bunduki huko Mlambalasi. Wajerumani walikata kichwa chake, na fuvu likapelekwa Ulaya.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilitia sahihi mkataba wa amani huko Versailles, Ufaransa. Kifungu cha 246 kiliiagiza ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza katika muda wa miezi 6. Muda ukapita, fuvu halikuja. Lakini maneno yale yalikuwa yameandikwa, nayo hayakufutika. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilirudisha fuvu kutoka Bremen, akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Ilikuwa imepita miaka 35. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, mkienda Iringa mtazame nini?

Kwanza, Isimila. Mkitoka Mafinga mtaifikia kabla ya mji, kiasi cha kilomita 20. Hapo pana nguzo ndefu za udongo mgumu zilizochongwa na mvua. Pana pia mashoka ya mawe ya watu wa kale sana, waliokuwa hawajajua chuma.

Pili, mjini kwenyewe, pandeni jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linalosema. Kutoka juu mtauona mji wote.

Tatu, Boma, jengo la wakati wa Wajerumani. Tangu mwaka 2016 ni nyumba ya makumbusho.

Nne, Kalenga. Fuvu la Mkwawa limehifadhiwa hapo katika makumbusho.

Katika makumbusho hayo kuna maandishi karibu na vitu vilivyowekwa. Zamani ulihitaji mtu wa kukusomea, nawe ukaamini alivyosema. Sasa soma mwenyewe, polepole, neno kwa neno.

Kazi ya nyumbani: Muulize mzee mmoja maana ya jina la kijiji chako. Andika majibu yake kwa sentensi 5, pamoja na tarehe. Mlete daftari darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.