Serowe: Mji Uliohama Kufuata Maji



Katika nchi ya Botswana, ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari, uko mji uitwao Serowe. Haukuanzishwa kwa ajili ya reli wala machimbo ya dhahabu, bali na Waafrika wenyewe wa kabila la Bangwato. Habari zake zafaa kusikiwa na kila apendaye kuona kijiji chake kikiendelea.

Hapo zamani makao makuu ya Bangwato yalikuwa Shoshong. Maji yalipokuwa haba, Chifu Khama wa Tatu aliwahamisha watu wake katika mwaka wa 1889 mpaka Phalapye ya Kale, karibu na vilima vya Tswapong. Huko walijenga mji mkubwa na kanisa la matofali. Lakini maji yaliwasumbua tena, na katika mwaka wa 1902 maelfu ya watu waliziacha nyumba zao wakaenda Serowe. Magofu ya kanisa lile yangaliko hata leo.

Kuhama namna hiyo ni hasara kubwa. Je, ni kitu gani ambacho hakikuachwa nyuma? Ni utaratibu wa watu wenyewe. Kila mtaa ulikuwa na mkuu wake na baraza yake, iitwayo kgotla, na walipofika mahali papya mitaa ilipangwa tena vivyo hivyo. Mashamba yalikuwa mbali na mji, na malisho ya ng'ombe mbali zaidi. Baada ya mavuno watu walirudi mjini.

Baraza hiyo ilijaribiwa sana katika miaka ya 1948 na 1949, watu walipojadiliana juu ya Seretse Khama, mjukuu wa Khama, aliyemwoa mwanamke wa Kiingereza, Ruth Williams. Baada ya mikutano mitatu, walio wengi walimkubali. Serikali ya Uingereza ilimfukuza nchini hata mwaka wa 1956. Lakini nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba, 1966, ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza.

Elimu nayo ilipatikana kwa jasho. Shule ya Swaneng Hill ilianzishwa mwaka wa 1963 na Patrick van Rensburg, mtu wa Afrika ya Kusini aliyeuchukia ubaguzi wa rangi. Wanafunzi wenyewe walisaidia kuyajenga madarasa. Katika mwaka wa 1965 vikaanza vikosi vya kazi, ambamo vijana waliokosa nafasi katika shule za sekondari walijifunza uashi, na baadaye useremala na kazi nyingine, na mapato ya kazi yao yakasaidia kulipia mafunzo.

Tangu mwaka wa 1902 makao hayo hayajahama tena. Khama alizikwa katika kilima cha Thathaganyana, na Seretse vilevile, katika mwaka wa 1980. Basi, anayetaka kijiji chake kikue na aitazame Serowe: nyumba ziliachwa mara mbili, lakini baraza haikuachwa hata mara moja.